Bibi Pembetatu na Masufuria Yake

Jamani, mimi nimewahi kugombana na kompyuta hadi jirani akaja kuamulia.

Cheka tu. Ngoja umalize.

Nafundisha hisabati sekondari, mwaka wa kumi na tisa huu, na ni mkuu wa idara. Ubao naumudu. Kompyuta tulikuwa tunasalimiana kwa mbali.

Siku hiyo mwalimu mkuu akaniita ofisini.

"Mwalimu, Ijumaa wazazi wanakuja. Utawaonyesha ile programu ya bure ya hisabati. Ukishindwa, idara namkabidhi mwenzako wa fizikia."

Wa fizikia alikuwa kasimama hapohapo mlangoni, anajifanya anasoma tangazo. Mdomo unamcheza.

Nikarudi nyumbani nimevimba. Sebuleni nikamkuta mama mkwe, aliyekuja kwetu kuuguza mguu. Ni mpima ardhi mstaafu, mpole, kutwa kompyuta yake iko mapajani. Mimi nilijua anacheza karata.

"Baba, mbona umekunja uso?"

"Kazi tu, mama. Mambo ya hisabati haya, wewe pumzika," nikajibu huku naangalia sakafu. Mama huyu namheshimu mpaka naogopa.

Nikaingia chumbani, nikapakua programu. Hata maandishi yake ya ndani, yale yanayoiendesha, yako wazi, anayetaka anayasoma na kuyarekebisha. Nikaanza na kitu chepesi: sini ya tisini, yaani ya pembe mraba. Jibu lake ni moja. Nimelifundisha hilo mpaka nimeota mvi.

Programu ikasema 0.894.

Nikarudia. 0.894.

"We mjinga nini? Nani kakufundisha?" Nilipiga kelele hadi jirani yetu, fundi bomba, akaja kugonga akidhani napigana na mke wangu.

Nikaingia kwenye jukwaa la mtandaoni ambako watumiaji husaidiana. Nikaandika: "Programu yenu takataka! Ndiyo maana mnaigawa bure!"

Dakika haijaisha, mtu anayejiita Bibi Pembetatu akajibu: "Ndugu, hiyo inapima pembe kwa radiani, wewe unataka nyuzi. Fungua mipangilio, nenda kwenye pembe, chagua nyuzi."

Mimi? Nifundishwe na bibi? Nikamjibu: "Bibi, kabishane na masufuria yako!"

Halafu kimyakimya nikafanya alichosema. Ikaja moja. Asante sikutoa.

Sebuleni mama mkwe alikuwa anacheka peke yake. Nikajua kashinda karata.

Wiki nzima nikajifua. Grafu nachora, milinganyo natatua, mpaka nikaanza kupiga mluzi.

Ijumaa ukumbi ukajaa. Binti yetu anasoma hapo, kwa hiyo mke wangu alikaa mbele kabisa na mama yake. Kompyuta ya shule ikaunganishwa, picha ikarushwa ukutani. Nikaandika kwa mbwembwe: sini ya tisini.

0.894.

Kumbe niliyorekebisha ni ile ya nyumbani! Hii ya shule bado iko kwenye radiani, na pa kubadilishia pameshanitoka kichwani. Wa fizikia akakohoa. Wazazi wakaanza kunong'ona. Niliiona idara yangu inaondoka hivihivi, na niliumia kweli.

Nikakumbuka jukwaa. Nikalifungua fasta nisome yale maelekezo, nikasahau kwamba ukuta unaonyesha kila kitu.

Ukutani, herufi kubwa, jina langu kamili, picha yangu nimevaa tai: "Bibi, kabishane na masufuria yako!"



Mama mkwe akainuka na mkongojo wake, taratibu.

"Mkwe wangu, fungua mipangilio, nenda kwenye pembe, chagua nyuzi. Kama nilivyokuandikia."

Mke wangu akamgeukia. "Mama! Ni wewe?"

"Tangu nistaafu, nawajibu watu maswali humo. Wengi wana adabu." Akanitazama. "Na masufuria nimeyaacha nyumbani, baba. Yanakungoja."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nikabofya. Ikatoka moja, wakapiga makofi, na hayakuwa yangu.

Idara nimebaki nayo, kwa sharti moja: kila Jumamosi mama mkwe anatufundisha walimu wote, nami nakaa dawati la mbele. Wa fizikia anakaa nyuma. Juzi naye kapata 0.894, nikakohoa.

Wewe unayewatolea watu maneno mtandaoni, kwanza chungulia sebuleni kwako. Na mtu akikusaidia, sema asante, haikupunguzii kitu.

Niacheni niishie hapa. Leo masufuria ya kuosha ni saba, na moja limeungua.