Nilivyomnyima mama chai Kericho kwa sababu ya seli za ini

Wakuu, hamjambo humu ndani? Naleta hili kama lilivyotokea. Chumvi sitatia.

Kwetu ni Ndanai, lakini kazi yangu iko kwa maabara moja hapa Kericho. Nalisha seli za ini.

Ndiyo, ini. Mtu akifanyiwa upasuaji na akikubali, tunapewa kipande kilichobaki. Tunatoa seli, tunazilaza kwa jeli ndani ya visahani, kisha zinakaa kwa inkubeta yenye joto la mwili.

Shida ni kwamba seli za ini zina maringo. Zikitoka mwilini, siku chache tu zinasahau kazi, halafu zinakufa. Mimi nilitaka ziishi wiki nyingi, ndiyo maana ya ile jeli.

Kwa nini? Kakangu Kiprono aliharibika ini akinywa dawa fulani ya mizizi ya sokoni. Daktari alishuku hiyo dawa. Kaka yuko hai, lakini amebaki mifupa. Na mama, wakuu, bado alikuwa anaimeza ileile, eti ya magoti! Nikimkataza, jibu ni moja: "Mimi sitaki maneno ya kitabu. Nionyeshe na macho."

Dawa yenyewe huharibu polepole. Seli za kufa mapema hazingenisaidia.

Nikaanza. Zikafa. Nikaanza tena, zikafa tena. Nafika asubuhi, inkubeta ni baridi. Bosi wangu, Dokta Nyaboke, akasema zikikufa tena tunafunga mradi. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Kesho yake nikakaa karibu na inkubeta kama askari. Saa kumi jioni nikaona adui.

Chai!

Mtu alichomeka birika la umeme kwa laini moja na inkubeta, swichi ikaruka, inkubeta ikazima. Mnadhani aliuliza? Alihamisha birika kwa soketi ya korido, watu wakanywa, wakaenda nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako. Na birika lilikuwa la Dokta mwenyewe.

Nikalifungia kabatini, ufunguo nikavaa shingoni. Jaribuni kukataza watu chai hapa Kericho, kwenye mashamba yenyewe ya chai, muone! Niliitwa mchawi.

"Wewe ni Mkipsigis wa aina gani, unakataza chai?" Dokta akaniuliza.

"Wa kichwa ngumu," nikamjibu.

Seli zikaishi, wiki baada ya wiki. Nusu ya visahani nikavitilia ile dawa, kidogo kidogo.

Ndipo nikamwita mama. Alifika amechoka, amebeba maziwa, akaketi.

"Chelangat, weka chai."

Nikamwambia hapa hatupiki. Alinitazama kama hanijui. Mama mzazi, kutoka Ndanai, na maziwa yake mwenyewe! Roho iliniuma sana.

"Angalia kwanza, mama."

Kwenye darubini akaona seli zisizo na dawa, zimeshikana vizuri. Kisha zile za dawa: zimesinyaa, zimeachana. Nilimweleza kwamba visahani vichache si ushahidi kamili, kazi bado ipo. Hakunisikiliza.

"Hii ndio ilikula Kiprono wangu?"

Akafungua mkoba, akatoa chupa yake ya dawa, akaiweka mezani.

"Sasa nipeleke mahali kuna chai."

Funzo langu: mzazi hashindwi kwa mdomo, mwonyeshe. Nyinyi wenye wazazi wa chupa za sokoni mmefanyaje? Mwageni mawazo hapa.

Ila anayepanga kuja kuniomba ufunguo wa kabati, asijisumbue.