Jini la Pajani

Msambweni bado wananicheka, basi afadhali mkisikie kisa hiki kwangu mwenyewe. Miaka ya tisini ikielekea kwisha nilikuwa karani wa hospitali, na kwa kuwa mimi ni Mdigo, madaktari wa bara walinifanya mkalimani wao. Nilijiona msomi.

Siku moja alikuja Mama Mwanasiti, mkulima wa mihogo. Alikuwa amepigwa teke la paja na ng'ombe, na sasa mfupa ulikuwa ukiota ndani ya nyama. Daktari mgeni kutoka bara, mwanamke aliyekuwa akiutafiti ugonjwa huo, akaniambia, "Mweleze kwamba jeni ya kolajeni, zile nyuzi ambazo mfupa hujengwa juu yake, imeamka mahali pasipo pake. Naomba nikate kipande kidogo cha nyama nikaichunguze."

Neno jeni sikuwahi kulisikia. Nikadhani ni lafudhi ya bara, nikamsahihisha kimoyomoyo. Nikamwambia mama kwa Kidigo kwamba jini ameamka pajani mwake, anajenga, na daktari anataka kumkata amchunguze.

Mama hakushtuka. "Nilishuku," akasema, akaomba wiki moja.

Wiki ilipotimia alirudi na kaka yake, maalim, aliyebeba chetezo na ubani.

"Mwanangu," maalim akamwambia daktari kwa upole, "dada amekubali umkate. Lakini jini hatolewi na mtu peke yake. Nimekuja kukukinga."

"Jini gani?"

"Yule ambaye bwana huyu alisema ameamka pajani mwa dada."

Daktari akanigeukia taratibu. "Karani, hebu rudia ulivyomtafsiria mama. Neno kwa neno."