Unga wa Mama Nilioubeba hadi Mfangano

Sababu ya kuondoka Korogwe niiseme mwenyewe, maana mchungaji wetu ataisema vingine. Nilitaka kuomba nafasi ya kusomea udaktari, naye akanishauri nikajitolee kwanza miezi mitatu Kenya, kwenye zahanati ya kanisa kisiwani Mfangano, ndipo aniandikie barua. Mimi ambaye Tanga mjini nililala mara moja tu, tena sikupata usingizi. Mama akanifungia debe la unga. "Usile kwa mtu usiyemjua," akasema. Kushuku nimezaliwa nako, sikuhitaji kuhimizwa.

Siku ya nne, Migori. Nilishuka basi la Musoma na vumbi hadi kwenye kope. Mzee mmoja akataka kunisaidia debe. Nikalikumbatia.

"Kijana, umebeba dhahabu ya machimbo ya Osiri ama?" akacheka.

Nilimhesabu mwizi mpaka aliponionyesha basi la Homa Bay akaenda zake, mikono mitupu.

Homa Bay, asubuhi iliyofuata, nikapanda boti ya injini. Nilikalia debe njia nzima, nikikagua matobo ya boti yaliyozibwa kwa lami.

Mfangano mwenyeji wangu alikuwa Mama Atieno, mjane jirani wa zahanati. Aliweka ugali wa mtama na samaki, akamega tonge, akala yeye kwanza mbele yangu. Ndivyo alivyomhakikishia mgeni kwamba chakula ni salama. Mimi nikawaza: kama hakuna neno, anaonja nini? Nikashukuru, nikaenda kujipikia uji. Nilifanya hivyo wiki mbili. Watu wakaniita Daktari Unga.

Wiki ya tatu mjukuu wake, Ouma, akashikwa na malaria, macho yakazama. Dresa wa zahanati akampimia dawa, akanikabidhi kikombe nimnyweshe, akamkimbilia mvuvi aliyekatwa mguu. Mama Atieno akamziba mtoto mdomo kwa kiganja.

"Chakula yangu unaogopa," akasema. "Dawa yako Ouma anywe?"

"Mama, hii ni dawa."

"Na ile ilikuwa samaki. Mimi nilionja. Onja."

Nikachovya kijiko, nikaonja. Uchungu ulinikunja uso mzima.

"Ona, hata yeye inamshinda," akasema mwanamke mmoja kwenye foleni. Wakacheka. Kiganja hakikuondoka.

"Bado samaki," akasema Mama Atieno. "Iko kwa sufuria."

Nyumba ilikuwa hatua chache tu. Nikakimbia, nikarudi na sufuria, nikala samaki baridi mbele ya foleni, naye akinitazama kama askari wa forodha. Nilipomeza, akaondoa kiganja. Ouma akanywa.

Siku tatu sikuthubutu kumtazama bibi yake. Siku ya nne mtoto akaomba uji. Tukampikia kwa unga wangu. Mama Atieno akanisogezea kijiko nionje kwanza.

Korogwe, baada ya miezi mitatu, mchungaji aliuliza aandike nimejifunza nini. Nikamwambia: mgonjwa naye amekalia debe lake la unga. Akaandika kwamba nina bidii.

Nyumbani Mama akanitengea ugali na kisamvu. Nikakaa nikimsubiri.

"Kula basi."

"Onja kwanza, Mama."

"Huko wamekufundisha kunishuku mimi?" Akamega tonge, akala bila kubandua macho kwangu. "Na debe langu liko wapi?"

"Nimeliacha kwa watu ninaowajua," nikasema, nikanawa mikono.