Boti Tuliyoifufua Kemondo

Watu hudhani injini ikishapona, boti nayo imepona. Mimi na rafiki yangu tulidhani hivyo, mpaka tulipoifunga injini yetu kwenye ile boti ndogo ya faiba, tukaishusha majini pale Kemondo, na maji yakaanza kuingia kila upande.

Ilikuwa boti ya starehe. Mfanyabiashara mmoja aliiacha alipokimbia vita na hakurudi tena kuiulizia. Tangu hapo ililala katikati ya migomba, kwenye kibanja cha mzee mmoja karibu na ziwa, na mbuzi wakaifanya banda lao. Mzee alitupa bure, akafurahi kupata nafasi ya kupanda mihogo. Injini tuliipata kwingine, imekufa kabisa. Tuliifungua yote, tukaitia pistoni na ringi zilizovushwa kutoka Uganda.

Rafiki yangu alipenda kazi ya injini. Iliyobaki ilimchosha, kwa hiyo niliifanya mimi na mke wangu. Tuliziba matundu ya vipande vya mabomu, tukasugua, tukapaka rangi. Tangi la mafuta lilikuwa limejaa kutu. Tulilitia kokoto na kulitikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Waya wa usukani ulikuwa umekatika, nikaubadilisha. Mke wangu akashona vitambaa vya viti kwa turubai la kijani. Siku ya majaribio, yeye ndiye aliyeshika usukani, kanga kaifunga kichwani, anacheka kwa sauti.

Injini ikitoka kufunguliwa haikimbizwi. Tulikwenda polepole kwa majuma, wavuvi wa makasia wakitupita na kutuzomea. Rafiki yangu aliniita munywani, yaani rafiki wa kuchanjiana damu, jina ambalo kwetu Wahaya hatumpi kila mtu. Tulikubaliana kwamba boti ingebeba wachuuzi wa samaki kwenda visiwani, na mgonjwa yeyote akihitaji kufikishwa hospitali, apewe nafasi ya kwanza. Wazo hilo lilikuwa la kwake. Miaka ile kila kijiji kilikuwa na wagonjwa wa silimu, kama tulivyouita ukimwi.

Kisha mke wangu akaanza kukonda. Nilimpeleka kwao, kijiji cha ziwani upande wa Muleba, ili mama yake anisaidie kumuuguza, nikamwachia mwenzangu boti. Mvua zilipokuja barabara ikageuka tope, basi likaacha kufika, na hali yake ikawa mbaya. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, akaenda Kemondo kwa miguu kumwomba mwenzangu aje na boti. Alirudi amelowa lakini ana furaha.

"Amesema atakuja kesho asubuhi," aliniambia. "Amesema mumsubiri pale penye mawe."

Asubuhi tulimlaza juu ya mkeka penye mawe, mama yake akamfunika blanketi. Niliisikia injini kabla ya kuiona; mlio wake niliujua kama kikohozi cha mtu wa nyumbani. Ikatokea kwenye kona, imebeba wachuuzi na matenga yao. Nikasimama, nikapunga shati. Boti ikapunguza mwendo. Nilimwona mwenzangu akitutazama, nikamwona mchuuzi mmoja akimwinamia na kusema neno. Mke wangu akainua mkono.

Boti ikageuza, ikaelekea katikati ya ziwa.

Mama mkwe aliketi chini. Mke wangu ndiye aliyezungumza.

"Hakutuona," alisema. "Jua lilikuwa machoni mwake."

Asubuhi ile kulikuwa na mawingu. Nikamwambia, "Ndiyo, hakutuona."

Wanaume wa kijiji walimbeba kwa machela, wakipokezana kwenye tope. Tulifika hospitali, lakini hakukaa sana. Mpaka anafariki alikuwa akiniambia nisigombane na mtu kwa sababu ya jua.

Baada ya matanga nilikwenda Kemondo. Boti ilikuwa imefungwa gatini, imepakwa rangi nyingine, na viti vilikuwa mbao tupu. Mwenzangu alinipa pole. Nikamuuliza turubai liko wapi.

"Nililichoma, munywani. Wachuuzi walikuwa wanauliza nani alikuwa anakalia pale. Wakisikia silimu imo ndani ya boti, nani atapanda?"

"Alilishona akiwa mzima."

"Najua. Lakini wao hawajui."

Kulikuwa na wavuvi pale, watu waliotuona tukifanya kazi ile miezi yote. Kila mmoja akajishughulisha na nyavu zake.

"Siku ile penye mawe," nikasema, "ulituona?"

Nilitaka aseme hapana. Naapa, kama angesema jua lilimpiga machoni, ningempa mkono na kwenda zangu.

"Niliwaona," akasema. "Ningefanya nini?"

Sikumpiga. Niliondoka, nikaenda Bukoba mjini kutengeneza mashine za kukoboa kahawa. Boti sikuidai. Baadaye watu walinieleza kwamba inafanya kazi vizuri, haivuji hata tone, na kwamba mwenyewe huwasimulia abiria jinsi alivyoifufua kwa mikono yake. Mmoja alinisimulia hivyo dukani, akiisifu, hajui anazungumza na nani. Nikamsikiliza mpaka mwisho, nikanunua sabuni yangu, nikatoka.