Somo la Kumtazama Mgonjwa Usoni

Kisa hiki wenzangu wa kazini hukisimulia kila tukiketi kunywa chai, kwa hiyo bora nikitoe mwenyewe kabla hawajakitia chumvi zaidi, maana aibu niliyoipata ilitosha bila chumvi yao.

Mimi ni nesi. Miaka kumi na minne nimechoma watu sindano hapa Garsen, na kwa kuwa wagonjwa wananipenda (sisemi mimi, wanasema wao), chuo kimoja kinacholeta wanafunzi wa udaktari huku kikaniomba niwafundishe namna ya kuzungumza na mgonjwa. Siku hiyo alikuja mkuu wa idara, mama mkali mwenye daftari, aamue kama nitaajiriwa kabisa au nirudi kwenye sindano zangu. Na kazi hiyo niliitaka jamani, nilishaanza kujiita mwalimu mbele ya kioo.

Kawaida mwanafunzi mmoja huigiza mgonjwa. Mimi kwa kupenda sifa nikasema leo tutumie mgonjwa wa kweli, nikamtuma mwenzangu aombe mtu yeyote aliye radhi kwenye benchi la nje. Nilipogeuka kutoka ubaoni nikakuta mama mmoja keshaketi, amejifunika leso uso mzima, amegeukia ukuta.

"Mnaona?" nikawaambia wanafunzi. "Mwili unazungumza. Mama huyu ana hofu. Msogelee, mtazame usoni."

Nikasogeza kiti, akageuka. Nikahamia upande wa pili na kiti changu, akageuka tena, nikazunguka, akageuka, mpaka tukamaliza duara zima na wanafunzi wanaandika tu (wanaandika nini, sijui). Mwishowe nikainama nimchungulie chini ya leso. "Usiogope, mama. Nione kama mwanao."

Akamwambia mwanafunzi wa mbele, "Mwanangu, mwambie huyo mume wa Rehema anipishe, mimi nataka kutoka."

Rehema ni mke wangu.

Sasa kwetu, watu wa mtoni, mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Miaka sita ya ndoa, kila nikienda kwao Golbanti yeye anapitia mlango wa jikoni na mimi natazama migomba. Uso wake ningeujulia wapi? Nikaruka, kiti kikaanguka, na aliyetoka mbio nikawa mimi, moja kwa moja hadi stoo ya dawa, na kicheko kikanifuata hadi huko.

Mkuu wa idara akanifuata pia. "Mwalimu, umesema mwili unazungumza. Wa mama huyu ulikuwa unapiga kelele. Wewe ulikuwa unasikia nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Jioni Rehema alinisubiri mlangoni, mikono kiunoni. "Ati umemchungulia mama?" Kesho yake mbuzi akaenda Golbanti kuniombea radhi, akiongozwa na mjomba wangu, maana mimi ningepelekaje?

Kazi nilipata, lakini kwa sharti. Wanafunzi walipoulizwa nani aliwasiliana vizuri zaidi siku ile, wote walimtaja mama mkwe, na mkuu akataka awe anakuja kila muhula. Bibi huyo akakubali bila hata kubembelezwa! Nami nimeapa sitamsogezea mtu kiti tena kabla sijauliza kwa nini amegeuka. Siku yake ya kuja ikifika, yeye hukaa katikati ya darasa uso wazi, akijibu maswali kwa raha zake, na mimi mwalimu nafundisha nimegeukia ukuta.