Bunduki za Mbao Ukutani

Mimi ni mwoga, na sioni haya kusema. Nikisikia buti za askari zikikanyaga changarawe, natafuta mlango wa nyuma. Sasa niambie, mtu kama huyo alitafuta nini kuweka atelie yake ya kuchongea mbele ya kambi ya jeshi mjini Mbarara?

Nilitafuta fasi ya kufanyia kazi, basi. Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, nyumba yangu ni chumba kimoja. Nikichonga, vumbi la mti linaingia kwenye ugali, watoto wanakohoa, mke wangu ananifukuza na patasi zangu. Mama mmoja msusi wa vikapu, mke wa askari, alikuwa mnunuzi wa miiko yangu sokoni Kabingo. Ndiye aliyeniambia kwamba kanisa lao lina stoo tupu huko mjini. Akanipeleka kwa mchungaji, akanisemea kama ndugu yake wa tumbo moja. Kodi ikawa ndogo, ile mkimbizi anailipa na bado anakula. Tukajaa humo, mafundi wa Nakivale na wake za askari, kila mtu na kona yake.

Kisha kikundi cha teatre cha Nakivale kikaniomba bunduki za mchezo, mchezo wa jukwaani wa namna tulivyokimbia Kivu ya Kusini, kule Kongo. Nikachonga kwa moyo wote, mjinga mie! Kwetu mti ukishachongwa unapakwa mafuta ya mawese na masizi ya chungu, unaegeshwa ukutani, juani, mpaka mafuta yaingie. Miiko yangu yote nimeifanya hivyo. Nikaziegesha bunduki nje, zikimeta kama chuma, nikarudi ndani kunoa patasi. Hata sikukumbuka kwamba ukuta ule unatazamana na geti la jeshi.

Nikasikia buti.

"Wewe! Toka! Mikono juu!"

Nilitoka. Walikuwa wamenielekezea bunduki zao, za kweli. Nikalala kifudifudi kabla hawajaniamuru. Mwili wangu unaijua kazi hiyo. Nikawaza: leo ninafungwa, na wenzangu wote wanatupwa nje. Kanisa gani litathubutu tena kumfungulia mkimbizi mlango? Mungu wangu, nimeua kazi ya watu wote kwa mafuta ya mawese!

"Hii silaha ya nani?"

"Ni miti, afande. Ni miti tu."

Msusi wa vikapu akatoka mbio, majani ya kusukia bado mkononi. "Afande, huyu iko fundi yetu! Mimi najua yeye. Hiyo ni ya mchezo!"

"Nyamaza, mama."

Mkubwa wao akaokota moja, akaipima mkononi. Wepesi wake ulimshangaza, nikauona mshangao huo usoni pake. Vijana wake wakaanza kucheka. Yeye hakucheka. Alipitisha kidole kwenye mtutu, kwenye kifyatulio, akakisimamisha pale pa kufungia mkanda.

"Simama. Wewe ulikuwa mwasi?"

"Hapana, afande."

"Basi nani alifundisha wewe? Hii kitu iko sawasawa kabisa."

Nilitaka kudanganya, niseme niliiona kwenye sinema. Woga ukaninyima hata uongo.

"Hakuna aliyenifundisha. Wale waliotufukuza Kivu waliniwekea moja kama hiyo usoni, nikiwa nimepiga magoti, tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Sikuwa na fasi ingine ya kuangalia."

Vijana wakashusha bunduki zao. Mama wa vikapu alishika mdomo wake. Mimi nikanyoosha mikono, nikingoja pingu.

"Paka rangi nyekundu," mkubwa akasema. "Kausha ndani. Kazi iendelee."

Akanirudishia ile bunduki. Lakini kabla ya kuninyooshea aliigeuza kwanza, taratibu, mtutu ukamwelekea yeye mwenyewe, usinitazame mimi.