Jeshi la Udongo Uani Kwetu Ihembe

Mwaka jana nilirudi Ihembe kumzika kaka yangu. Watu walipoanza kupungua msibani, mjukuu wake mmoja wa kike alinijia na kikopo cha askari wa plastiki walionunuliwa gulioni Kayanga, wa kijani, wadogo kama punje za maharage. "Shika, bibi," akasema, akanimwagia kiganjani. Wote wakaanguka chini. Mama yake akamkemea, "Hukuambiwa kwamba mikono ya bibi haiwezi?" Mtoto akainama kuwaokota, nami nikageuzia uso migombani ili wasione machozi yangu. Waliyaona hata hivyo, wakadhani namlilia kaka. Kaka nilimlilia, ndiyo, lakini saa ile, rafiki yangu, nilikuwa namlilia mtu mwingine, ambaye pale msibani sikuona hata mmoja anayemkumbuka.

Nilizaliwa na mikono isiyosikia. Nikiuagiza mkono uende kwenye kikombe, unapita kando na kukipindua. Vidole vilijikunja kwa ndani kama vya kuku aliyelala juu ya kijiti, na kila asubuhi mama alivikunjua kimoja kimoja kwa samli iliyopashwa moto. Hadi leo harufu ya samli hunirudishia maumivu yale na mapaja ya mama niliyoyakalia. Kichwa changu hakikuwa na tatizo. Lakini mtoto wa kike kule kwetu alipimwa kwa mikono. Wenzangu walimenya ndizi asubuhi, maganda yakirundikana miguuni pao, mimi nikipewa kisu watu wazima walisimama. Bibi, mzaa baba, alikuwa msukaji aliyejulikana mpaka Ihanda, na vikapu vyake vyenye mistari myeusi vilitangulia kwenye kila harusi. Alijaribu kunifundisha. Nyasi zilikatika mikononi mwangu, naye alizipokea zile zilizokatika, akazitia motoni.

Shule nayo ilinishinda kabla sijaianza. Mwalimu wa misheni alinipa kibao na kalamu yake ya kukwaruzia, akaitazama ile michoro yangu, akamwambia baba nirudi nyumbani mpaka mikono ikomae. Alisema kwa upole. Tulirudi na baba, na tulipofika akaniambia, "Basi utalinda kahawa."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu, kukaa uani na kufukuza kuku na mbuzi wasikanyage kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka. Kuku walitosha kufukuzwa kwa sauti. Sikuhitaji vidole.

Baba mdogo alirudi kutoka vitani kiangazi kimoja nikiwa bado nalinda kahawa. Alikuwa mdogo wa mwisho wa baba, alichukuliwa na jeshi la Mwingereza akapelekwa Burma. Wakati anaondoka, bibi alisema, alikuwa kijana wa kuimba. Aliyerudi alikuwa mtu wa kukaa. Alipewa kipande chake cha kibanja, shamba la migomba, akakilima nusu. Waliomletea rubisi, pombe ya ndizi, wapate habari za vita walikunywa wenyewe wakaondoka. Mchana aliketi karibu yangu kwenye gogo, akichora chini kwa kijiti: mto, kilima, njia.

Siku moja nikamuuliza, "Baba mdogo, hapo ni wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. "Hapo ni mbali," akasema. Kisha, "Unataka kuona?"

Akashuka bondeni akaleta udongo wa mfinyanzi, ule mweusi wanaofinyangia vyungu, akaanza kutengeneza watu. Wembamba, warefu kama kidole cha shahada, kila mmoja na bunduki ya kijiti begani. Akawakausha kivulini, akawapanga pande mbili za mto wake. "Hawa ni wetu," akasema. "Wale ni wao. Chukua wako, uwavushe."

Nikanyoosha mkono. Askari watatu wakavunjika shingo kwa pamoja. Nikajaribu tena polepole, ule mkono ukarusha kilima kizima pembeni. Nikalia kwa hasira, nikamwambia mimi nimezoea kuku, anipe amani nilinde kahawa yangu. Watu wengine wangenipakata. Yeye alikusanya vipande, akavitia kwenye kata ya maji vilainike, akasema, "Kosa si lako. Jeshi hili limeundwa vibaya."

Ilimchukua siku kadhaa kuliunda upya. Safari hii askari walikuwa wafupi, wanene, miguu imeungana chini kama mguu wa chungu, hata ukiwapiga kikumbo wanayumba tu. Aliwasimamisha kikosi kikosi juu ya vipande vya ubao, wote wanakwenda pamoja ukisukuma ule ubao. Akanitengenezea kijiti chenye kipande cha kukingama mwishoni, kama jembe dogo, cha kushikwa kwa viganja viwili. Kisha akachukua kahawa kavu, akapasua punje, akatia vipande ndani ya kibuyu kidogo. Unajua nusu ya punje ya kahawa, upande mmoja umelala, mwingine una mgongo. Ukipindua kibuyu, zinazoonyesha mgongo ni risasi zilizopata. Zilizolala zimepotea hewani. Kupindua vitu, rafiki yangu, hakuna aliyenishinda.

Sijui nikuelezeeje ile siku kikosi changu cha kwanza kilipofika ng'ambo ya mto. Nilisukuma ulimi ukiwa nje, jasho linanitoka. Ubao ulikwenda upande, nikaurudisha, ukaenda upande mwingine, nikaurudisha. Baba mdogo hakunisaidia. Alingoja tu, amekunja mikono, kana kwamba anao mchana mzima wa kungojea, na kweli alikuwa nao. Kikosi kiliposimama ukingoni alikaza mgongo, akaniambia, "Wamefika, afande."

Tangu siku hiyo tulipigana kila mchana wenye jua. Kiswahili changu nilijifunzia pale uani. Nyumbani tulisema Kinyambo, lakini vitani, baba mdogo alisema, amri hutolewa kwa Kiswahili. Kwa hiyo maneno yangu ya mwanzo ya lugha hii ninayokuandikia yalikuwa mbele tembea, geuka nyuma, lala chini, kusanya majeruhi. Kuku wa Ihembe walijifunza pamoja nami. Bibi alisuka huku akitusikiliza, na mara moja moja, kikosi changu kikiangamia, alitikisa kichwa na kuguna. Mama aliona kwamba jioni vidole vyangu vilikunjuka kwa urahisi zaidi.  Alianza kutuletea senene wa kukaanga uani pale, wakati wa msimu, kama wanavyoletewa wanaume waliotoka shambani.

Kulikuwa na pigano moja alilolipanga mara kwa mara. Mto, daraja lililovunjika, na kikosi kidogo kinachotakiwa kuvuka mchana kweupe. Kila mara tulivuka na kila mara tulikufa. Mwenzake kutoka Ihanda alifia kwenye mto kama huo, kule Burma. Aliporudi, kabla hata ya kufika kwetu, baba mdogo alikuwa amepitia kwa mama wa yule mtu. Hayo aliniambia kwa maneno machache huku akipanga mbao. Siku moja nikakataa kuvuka.

"Amri ni kuvuka," akasema.

"Nani katoa amri? Si umesema ofisa ni mimi? Walale chini. Tunangoja."

Tukangoja. Alipindua kibuyu chake mara kadhaa, punje zikalala, risasi zake zikapotea bure. Nikawazungusha watu wangu kwa mbali, polepole, ubao kwa ubao, mpaka wakatokea nyuma ya adui. Hakufa hata mmoja. Baba mdogo alitazama ule mto, akafunika macho kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika. Bibi akaacha kusuka. Nilidhani nimeharibu. Alipoondoa mkono aliniambia, "Umewarudisha wote," akainuka akaenda kwenye shamba lake, na siku hiyo akalima mpaka jua likazama.

Naamini angepona. Mpaka leo naamini.

Kisha ikaja surua. Ilipita nyumba kwa nyumba, na kwa mama jirani tuliyepakana naye ilimchukua mtoto wake wa kiume, aliyekuwa ameanza kutembea. Tulikwenda sote kuzika. Siku chache baada ya hapo jirani alikuja kwetu kurudisha mtungi aliokuwa ameazima wakati wa msiba. Alipita uani. Mapigano yalikuwa katikati, na wafu wangu, kama ilivyokuwa desturi yetu, walikuwa wamelazwa pembeni kwa mstari. Miongoni mwao alikuwapo mmoja mdogo kuliko wote.

Jirani akasimama. "Huyu mdogo ni nani?"

"Ni mpiga tarumbeta, mama," baba mdogo akajibu. "Udongo uliniishia."

"Mbona amelala?"

 Baba mdogo akaona uso wake, akaelewa, akainuka haraka. "Mama, usiwaze hivyo. Huyu nilimfinyanga zamani, kabla mwanao hajaugua."

"Kabla!" Mtungi ukamponyoka. "Mnamsikia? Anasema kabla! Amemfinyanga mwanangu kabla, akamlaza!"

Kelele zile zilileta watu kutoka kila kibanja. Wengine walijaribu kumtuliza, wengine walitazama wale watu wa udongo na kurudi nyuma. Mtu mzima anayefinyanga watu, mtu asiyeoa, aliyekaa nchi za mbali, na mtoto mwenye mikono ile. Sikuhitaji kuambiwa walichokuwa wanakifikiri. Niliwaona wakinitazama mikono.

Mwinjilisti alikuja, akasali, akasema wazi kwamba udongo ni udongo. Wakamwitikia amina na wakaenda nyumbani na hofu yao. Jioni baba alimwita mdogo wake uani.

"Mimi najua huu ni mchezo," akasema. "Nimeuona. Umemfaa mwanangu kuliko dawa yoyote niliyoitafuta. Lakini siishi na wewe peke yako. Naishi na majirani. Kesho nikiugua, nani atanibeba?"

"Nimekuelewa, kaka."

"Wavunje mwenyewe, mbele yake, aone kwamba ndani hamna kitu."

Asubuhi jirani aliitwa. Alisimama pale kwenye kichaka cha kahawa, amejifunga kitambaa cha msiba, hasogei. Baba mdogo akaleta beseni la maji, akakaa chini, akanitazama. "Afande," akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, ili wengine wasielewe, "nisaidie."

Tukavunja pamoja. Ile ndiyo kazi pekee utotoni ambayo mikono yangu iliiweza sawa na mikono ya mtu mwingine. Nilibonyeza tu, wakapasuka. Yule mpiga tarumbeta alimvunja yeye, akamwonyesha jirani vipande vyote viwili, pande zote, kama mtu anayeonyesha kwamba hana silaha. Yule mama akaanza kulia, si kwa kelele tena, akasema, "Sasa mwanangu yuko wapi?"  Bibi alimshika bega akamsindikiza kwake.

Baba mdogo alibaki nasi mpaka mwisho wa mavuno ya kahawa. Watu walimsalimia, lakini walipomwona kwenye njia nyembamba walimpisha mbali mno. Kisha akaungana na vijana waliokuwa wakienda Buganda kutafuta kazi za mashamba. Asubuhi ya kuondoka alivaa koti lake la jeshi.  Alipiga magoti mbele yangu, akanikunjua vidole kwa zamu kama alivyomwona mama akifanya, akasema, "Usiiache mikono hii ikakunjika." Baadaye tulisikia ameonekana Masaka, akilinda duka. Kisha kimya. Baba aliulizia kwa kila aliyerudi mpaka wakachoka kuulizwa.

Jirani sikumchukia. Alizaa wengine, tukakua nao. Nilipokuwa msichana mkubwa alizoea kuniletea ndizi zilizokwisha kumenywa, anaziweka mlangoni bila kuniita. Hatukuzungumza habari ile hata siku moja. Nilikuja kuolewa na mgane wa Kibingo, mtu mpole aliyemenya ndizi mwenyewe bila kuona haya, nikalea watoto wake. Walikua, wakatawanyika. Sasa na yeye hayupo, na uani kwetu Ihembe wamejenga nyumba ya bati.

Mchezo ule sikuwahi kuuandika, maana kuandika kwenyewe nilijifunza ukubwani, tena kwa tabu. Nimejaribu kuupanga upya kichwani. Nakumbuka vilima tulivyopandisha, nakumbuka majeruhi walikaa nje kwa muda gani. Lakini palikuwa na sheria ya mvua. Mvua ikinyesha katikati ya mapigano, kulikuwa na jambo ambalo pande zote mbili ziliruhusiwa kulifanya, jambo zuri lililotuchekesha, na mimi nimelisahau. Nimekaa barazani misimu mingi, maji yakimwagika juu ya migomba, nikilitafuta. Mchezo ule walioujua walikuwa watu wawili tu duniani, na hakuna tena wa kumuuliza.